Nilivyokwenda Liechtenstein Kumchukua Dada

Walimu wenzangu, na nyie wa jumuiya mliokuja stendi ya Mpanda kunipokea mkaniona nashuka peke yangu, najua mmesubiri vya kutosha. Siku ile mliniuliza kwa adabu, nikawajibu kwa mkato, "Anaendelea vizuri," mkanielewa mkanyamaza. Lakini maswali hayakuisha. Nakutana nayo sokoni, nakutana nayo ofisini kwetu shuleni, juzi nimekutana nayo kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo naandika yote mara moja, mpokezane wenyewe. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, hayana utamu wala uchungu. Humu kuna jambo moja nililolifanya kule ambalo hapa Mpanda halijui mtu. Mkilifikia, mnihukumu mtakavyo.

Katumba

Wengi wenu hamkumfahamu dada yangu Felisita. Yeye ni kifungua mimba wa nyumba yetu, mimi Konsolata ni kitinda mimba. Katikati walikuwepo kaka zetu watatu, hawapo tena. Felisita alikuwa muuguzi, na alikuwa kazini alipokutana na Anton, mzungu aliyekuja kuchimba visima vijiji vya kwetu. Anton alikaa miaka miwili, akajua Kiswahili cha kuombea maji na cha kuchumbia. Walifunga ndoa kanisani Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi ambako wazazi wetu walifikia kutoka Burundi, mvua ikinyesha hadi shela ikalowa, kisha wakaondoka kwenda kwao Anton, Liechtenstein. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Dada alirudi mara moja tu, baba alipofariki.

Liechtenstein ni nchi, siyo mji. Nasema hivyo kwa sababu hata mimi nilibisha. Iko kati ya Uswisi na Austria, ndogo kiasi kwamba ukiichukua ukaitupa ndani ya mkoa wetu wa Katavi utaitafuta. Haina uwanja wa ndege. Jirani yetu wa Katumba aliposikia hilo alicheka hadi akakaa chini. "Wazungu gani hao? Hata Mpanda tunao uwanja!"

Mwaka jana Felisita alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yote yakaondoka. Baada ya wiki kadhaa maneno yakaanza kurudi, lakini hayakurudi yale anayoyajua mume wake. Kijerumani kilikuwa kimepotea. Kiswahili kilikuwa kimepotea. Kilichobaki kilikuwa Kirundi, lugha aliyotusemesha mama jikoni kabla hatujaanza shule. Kule alikolazwa hakuna hata mtu mmoja anayekijua. Anton akairekodi sauti yake kwa simu, akanitumia, akauliza: anasema nini?

Siku hiyohiyo nilichukua bodaboda hadi Katumba, nikamwekea mama simu sikioni. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni, lakini maneno yalikuwa mawili tu na yalisikika. "Ndashaka gutaha." Nataka kurudi nyumbani.

Mama aliomba nirudie. Nikarudia mara tatu.

"Umemsikia mwenzako," akasema. "Nenda ukamlete."

"Mama, ni mgonjwa. Na ni mbali."

"Sisi tulipokuja hapa tulibeba wagonjwa mgongoni. Nenda ukamlete."

Wiki iliyofuata nilimkuta ameshapaka chokaa chumba cha mbele, na majirani ameshawaambia kwamba siku si nyingi watamwona Felisita.

Mpanda hadi Dar

Basi letu liliharibika tukiwa tumeshaipita Inyonga, katikati ya pori, mvua ikishuka kwelikweli. Tulikaa pale kwa saa tano. Kondakta alituambia "dakika kumi" mara nyingi sana hadi abiria wakaanza kuitikia pamoja naye.

Niliyekaa naye kiti kimoja alikuwa Mama Kulwa, Msukuma wa Mwamkulu, mama mnene mwenye sauti ya chini. Ukoo wao ulihamia kwetu na ng'ombe kutoka Magu yeye akiwa bado na watoto wadogo. Alifungua kopo akanikaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alivyovichemsha na karanga. Tulikula tukisikiliza mvua. Akaniuliza naenda wapi, nikamweleza.

"Na mgonjwa mwenyewe amekubali kuja?"

"Ndiye aliyesema."

"Alikwambia wewe?"

"Alisema kwenye simu."

"Mh."

Nilikasirika kidogo kwa hiyo "mh". Nikamuuliza ana maana gani. Alitoa karanga moja mbovu mdomoni, akaifunga kwenye karatasi.

"Mwalimu, sisi tulimleta mama yetu Mwamkulu. Tulimpandisha lori pamoja na ndama. Alikuwa hasemi kitu. Tukasema, si amekubali? Miaka sita aliyokaa, kila asubuhi alikuwa anauliza ng'ombe wamefungwa wapi, tunarudi lini. Tukamzika hapohapo."

Nilimwambia yangu ni tofauti, mimi namrudisha mtu kwao. Mama Kulwa akakubali kwamba ni tofauti. Gari lilipowaka alilala, na Tabora aliposhuka alinipa michembe iliyobaki. Niliila peke yangu hadi Dar, na ndiyo chakula cha mwisho nilichokifurahia kwa muda mrefu.

Zurich hadi Sargans

Angani sina cha kusimulia. Nilikaa katikati ya watu wawili waliolala. Ndege ya kwanza ilichelewa, kwa hiyo ya pili ikatuacha, tukalazwa kwenye viti vya chuma nusu siku nzima katika uwanja ambao kila kitu kinang'aa na maji ya kunywa hujui yako wapi.

Zurich ni Uswisi. Hapo ndipo watu wa Liechtenstein wanaposhukia, kwa kuwa kwao hapashukiki. Baridi ilinipiga usoni kama mtu aliyekuwa ananisubiri. Anton alikuwa ameahidi kunipokea mji unaoitwa Sargans, mwisho wa safari ya treni. Lakini tulipochelewa aliniandikia kwamba amerudi kwa Felisita, maana bila yeye Felisita hali chakula. Nipande basi. Nishuke Vaduz, mji mkuu wao. Atakuwa pale kituoni.

Ndani ya treni nilisalimia watu kama nilivyolelewa. "Good morning," nikamwambia bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, nywele nyeupe kama pamba. Akatazama saa yake. Ilikuwa saa tisa alasiri. Akainuka, akahamia kiti kingine. Labda alikuwa anafuata dirisha, sijui. Nilijiona nimekuwa mtu wa kuhamwa.

Nje kulikuwa na ziwa refu la rangi ya bati, na milima iliyoanza chini ukungu ukaifuta juu. Sikuona kilele hata kimoja.

Basi

Hapa ndipo mtakapocheka, na mna haki.

Mimi mpaka naujua. Nimeuona Manyovu, wa kwetu na Burundi: kuna kizuizi, kuna bendera, kuna askari, kuna dirisha la kugongea mhuri. Nilipanda basi Sargans, pasi yangu mkononi, nikawa nasubiri mpaka. Tulivuka daraja moja juu ya mto mpana wa rangi ya majivu. Hakuna aliyetusimamisha wala aliyeuliza kitu. Tukapita nyumba safi, makanisa, mashamba ya mizabibu yaliyokatwa yakabaki visiki. Dereva alikuwa na mashine inayotaja vituo, nami nilitega sikio nisikie "Vaduzi". Mashine haikusema Vaduzi. Ilisema kitu kama "Fadutsi", watu wengi wakashuka, nami nikawaza, hao wamefika kwao, mimi bado hata mpaka sijauona.

Mwishowe niliuona. Kizuizi, bendera, askari mwenye koti la bluu. Nikamshukuru Mungu, nikashusha begi langu, nikamwendea.

"Naingia Liechtenstein," nikamwambia kwa Kiingereza, nikampa pasi.

Aliitazama pasi, akanitazama mimi, akatazama barabara niliyotoka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mafua.

"Mama, umetoka Liechtenstein sasa hivi. Mbele hapo ni Austria."

"Hapana. Sijafika."

"Umefika. Umepita."

"Nchi yote?"

"Yote," akasema. Hakucheka, na hilo sitalisahau. Aliniingiza kwenye kibanda chao chenye joto, akakata mkate wake nusu akanipa. Ulikuwa na jibini yenye harufu ya soksi. Nilitafuna kwa heshima hadi alipogeuka kupenga kamasi, nikautia mfukoni. Basi la kurudi lilipokuja alilisimamisha mwenyewe, akamwelekeza dereva kwa kidole mahali pa kunishusha, kama mtoto wa chekechea.

Anton alikuwa amesimama kwenye manyunyu bila kofia. Amezeeka. Yule kijana aliyekuwa anabeba mabomba mabegani amekuwa mzee mwembamba mwenye macho mekundu.

"Shemeji," akasema. Kiswahili chake kimeota kutu. "Mimi ona wewe. Wewe dirishani. Mimi piga mkono, mimi kimbia."

"Sikukuona, shemeji."

"Wewe angalia mbele tu," akasema, akachukua begi langu.

Kituo cha wagonjwa

Felisita alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, ameelekezwa dirishani. Walikuwa wamemkata nywele zote kwa sababu hapakuwa na wa kumsuka. Kichwa kilikuwa kidogo, kama cha mwanafunzi.

"Dada," nikasema.

Akageuka. Alitumia muda. "Konso," akasema.

Kisha akaanza kuzungumza, na hakuacha. Kirundi kilimtoka kama maji ya bomba lililofungwa muda mrefu, kwanza matope, halafu safi. Aliuliza habari za mama, za mbuzi, za njia ya kwenda kisimani. Akaniuliza kaka zetu wako wapi, akiwataja mmoja mmoja kwa majina. Nikamwambia wako shambani. Wauguzi walikusanyika mlangoni. Mmoja alijifuta macho na aproni, akamwambia Anton kitu, Anton akanitafsiria: kwa miezi yote hiyo walidhani mgonjwa amebakiwa na maneno mawili tu.

Maneno hayo mawili niliyasikia jioni ile kwa masikio yangu. Alinishika kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akanisogeza karibu. "Ndashaka gutaha."

"Ndicho nilichofuata," nikamwambia. "Tutarudi."

Alifumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Naungama kwamba nilimchukia Anton siku zile. Chakula cha pale kilikuwa supu ya rangi ya maji machafu na viazi visivyo na chumvi, na kila kijiko nilichomlisha dada nilikihesabu kwenye makosa ya mume wake. Nilimuuliza waziwazi kwa nini amemtupa mke wake kati ya wazee wasiomjua. Alinieleza kwamba nyumba yao iko mlimani na ina ngazi nyingi, kwamba yuko peke yake, kwamba aliogopa atamwangusha.

"Na yeye taka Afrika," akasema. "Wewe tafsiri mimi, mama tafsiri mimi. Nataka nyumbani. Basi. Mimi si zuia." Sanduku jipya alikuwa ameshalinunua.

Daktari alisema anaweza kusafiri, ila kwa kuwa lazima kwanza abebwe kwa gari hadi Zurich, tujaribu kumzungusha tuone kama atavumilia kukaa.

Nyumba ya mlimani

Tulimweka kiti cha mbele, tukamfunga mkanda. Bondeni alikuwa ametulia. Tulipolikaribia lile daraja la mto wa majivu akaanza kupiga kioo kwa mkono wa kushoto. "Oya! Oya!" Hapana, hapana. Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja. Nikamwambia Anton anaogopa mwendo. Anton akageuza gari palepale. Akasema tupande nyumbani, achukue nguo nzito za Felisita, kisha tumrudishe kituoni.

Barabara ya mlimani ni ya kona tupu. Katikati ya kupanda tulitoka juu ya ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikaliona jua. Felisita alikuwa ameacha kulia. Tulimbeba ngazi zote, Anton mabega, mimi miguu, tukamketisha jikoni ili tupumzike. Jiko lilikuwa baridi, na lina vumbi la mwanamume anayekula amesimama.

Dada aliweka kiganja juu ya jiko, akakiacha hapo. Kisha akavuta kitambaa kilichoning'inia pembeni, hakukitafuta, mkono ulikwenda wenyewe. Akaifuta meza. Polepole, kutoka kona hadi kona, akakusanya makombo hadi ukingoni.

"Ndashitse," akasema. Nimefika.

Nyie mnaojua Kirundi mmeshaelewa. Gutaha ni neno unalolisema shambani jua linapoinama, jembe likiwa begani. Ni kwenda kule kunakowaka moto wako. Felisita hakutaja Katumba hata siku moja. Katumba tuliiongeza mimi na mama.

"Yeye sema nini?" Anton akaniuliza. Alikuwa amesimama na koti la mke wake mkononi.

Katika nchi ile nzima mtu wa kumjibu nilikuwa mimi peke yangu. Nilimfikiria mama na vidole vyenye chokaa. Niliwafikiria nyie, na stendi, na mimi nikishuka basi bila mtu.

"Anaiaga nyumba," nikasema.

Anton aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akaingia chumbani, nikamsikia anafungua makabati.

Siku mbili

Siku mbili niliubeba uongo ule na ukabebeka. Nilikula, nililala. Nilifua na kukunja nguo za dada. Anton alileta sanduku kituoni, akalipanga vizuri kuliko mwanamke: sweta chini, dawa juu, picha ya harusi katikati imefungwa kwa taulo.

Asubuhi ya siku ya tatu, Anton akiwa nje, Felisita alilitazama lile sanduku kwa muda mrefu.

"Nani anasafiri?" akaniuliza kwa Kirundi.

"Sisi. Mimi na wewe. Tunakwenda kwa mama."

"Na Anton?"

"Anton anabaki."

Uso wake wa upande mzima ulianza kutetemeka, ule mwingine ukabaki kama ulivyo.

"Nimemkosea nini?" akasema.

Sikuelewa haraka. Kisha nikaelewa. Dada alidhani anarudishwa. Alidhani mume wake amemwita mtu wa kwao aje amchukue na nguo zake, kama mwanamke aliyeshindwa ndoa, na kwamba mtu huyo ndiye mimi.

"Hujamkosea," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea."

Lakini alikuwa ameshageuzia uso dirishani, na hakunisikiliza tena.

Nilimfuata Anton mahali pa kuegesha magari. Alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kiingereza ili nisijifiche kwenye lugha. Nikamwambia nyumbani anakokutaka ni kule mlimani, na kwamba nimelijua hilo tangu juzi.

"Juzi," akasema.

"Ndiyo."

"Siku mbili."

"Ndiyo, shemeji."

Akaendelea kukwangua mahali pasipokuwa tena na barafu. "Wewe ondoka kidogo," akasema. Nikaenda kusimama kando ya barabara. Sijui nilisimama muda gani. Vidole vya miguu vilikufa ganzi, na niliona vinastahili.

Siku ile na iliyofuata hakunisemesha. Alikwenda kwa daktari peke yake, alileta fundi wa kupima ngazi peke yake. Hajaniambia amenisamehe, hadi leo. Ila siku ya tatu aliniwekea daftari mezani, na kalamu.

"Andika," akasema. "Maji. Njaa. Maumivu. Baridi. Yote."

Nilimwandikia kurasa nyingi, neno la Kirundi, la Kiswahili, na jinsi ya kulitamka. Amazi, maji. Imbeho, baridi. Alikuwa anasoma kwa sauti huku anamlisha mkewe. Alipofika kwenye kuuliza "Una njaa?" alilitamka vibaya hadi likawa sijui neno gani, na Felisita akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, lakini kilikuwa kicheko. Mimi nilitoka nje.

Kurudi

Tulimpandisha Felisita kwake kabla sijaondoka. Siku ya kuagana nilimkuta jikoni. Alidhani nimetoka kijiji cha jirani kumtembelea na sasa narudi kwa miguu.

"Nenda," akaniambia, "mvua isikukute njiani. Msalimie mama."

Anton alinipeleka Sargans bila maneno. Tulipovuka lile daraja nilijua sasa kwamba ndio mpaka, nikageuka nyuma kuitazama nchi. Ukungu ulikuwa umeifunika yote.

Ya njiani nayaacha. Mliniona nikishuka stendi. Usiku ule nililala kwangu Mpanda kwa woga, na kesho yake mchana nikaenda Katumba.

Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Alitazama nyuma yangu, barabarani, akaona hakuna gari lingine linalokuja. Nikakaa chini. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza nyie, na uongo wangu nikamweleza. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe na mbegu mbovu.

Nilipomaliza aliutikisa ungo mara moja.

"Mwaka wa pili tangu tufike hapa," akasema, "mama yangu alimtuma kaka yangu anifuate. Alikuja kwa miguu toka Burundi. Alikaa siku nne."

Nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo maishani mwangu. Sikujua hata kama alikuwa na kaka aliyebaki.

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia arudi peke yake. Nilikuwa na mimba ya huyo Felisita. Mahindi yalikuwa yananifika magotini, baba yenu ndiyo kwanza ameezeka nyumba. Nikasema nitakwenda nikishavuna."

"Na yeye alipofika kule, alimwambiaje bibi?"

Mama alipuliza maganda kwenye ungo. Yalikuwa machache, lakini alipuliza sana.

"Sijui. Sikumpata tena mtu wa kule wa kumuuliza. Nimekaa hapa miaka yote nikijiuliza alilifikishaje neno langu."

Akauweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akakisogeza kigoda chake hadi magoti yetu yakagusana.

"Hebu nisimulie tena," akasema, "pale alipoingia jikoni kwake. Polepole."